Roketi Irudiyo

Tarehe 21 Novemba, 1963, roketi ya kwanza ilirushwa kutoka Thumba, kijiji cha wavuvi cha Bara Hindi. Siku hizo vipande vya roketi vilichukuliwa kwa baisikeli. Mwaka 1980 nchi hiyo ilipeleka setilaiti angani kwa roketi yake yenyewe. Lakini kila roketi ilitumika mara moja tu, ikapotea na gharama yake. Ni nani aundaye jahazi kwa safari moja? Basi mafundi waliunda chombo chenye mabawa. Mwaka 2016 kilipaa kilomita 65, kikaishia baharini. Mwaka 2023 kingine kiliachiliwa na helikopta, nacho kikatua salama kiwanjani bila rubani. Kurudi kutoka anga za mbali kulikuwa bado. Papo kwa papo kamba hukata jiwe.