Lupasi

Lupasi ni ugonjwa wa kudumu ambamo mfumo wa kinga huushambulia mwili unaopaswa kuulinda. Hauambukizi na si saratani. Wengi huuchanganya na UKIMWI, ilhali mambo hayo mawili yamepeana kisogo: UKIMWI huidhoofisha kinga, lakini katika lupasi kinga ni kali kupita kiasi na imekosea adui. Uko katika ukoo mmoja na baridi yabisi, kisukari cha aina ya kwanza na ugonjwa wa Graves wa tezi ya shingo. Tofauti yake ni kutochagua, kwani kwa mgonjwa mmoja unaweza kugusa ngozi, viungo, figo, damu, moyo, mapafu na ubongo. Ipo aina inayoishia kwenye ngozi tu. Inayozungumzwa hapa ni ile inayoenea mwilini.

Seli za mwili hufa kila siku na mabaki yake kusafishwa. Kwa mwenye lupasi usafishaji huo huzorota, DNA na vitu vingine vya ndani ya kiini cha seli hubaki wazi, na kinga huvitengenezea kingamwili kana kwamba ni vijidudu. Kingamwili hizo hunata kwenye shabaha zake, kisha mafungu yake hukwama katika mishipa midogo ya damu, hasa ya figo, na kuleta uvimbe na makovu. Mwaka 1948 Malcolm Hargraves na wenzake wa Mayo Clinic, Marekani, walieleza seli nyeupe zilizomeza viini vya seli nyingine katika uboho wa wagonjwa. Huo ndio ulikuwa mwanzo wa kuutafuta ugonjwa huu maabarani.

Chanzo chake si kimoja. Kuna urithi, kisha vichocheo kama jua kali, maambukizi ya virusi na homoni ya estrojeni. Katika kila wagonjwa 10, takribani 9 ni wanawake, wengi wakiwa kati ya miaka 15 na 45. Nchini Marekani na Uingereza, watu wenye asili ya Afrika huugua zaidi na figo zao huumia zaidi kuliko Wazungu. Hata hivyo kwa muda mrefu vitabu vya tiba vilisema ugonjwa huu ni adimu barani Afrika kwenyewe. Uadimu huo una mashaka: palipo na mabingwa wachache na vipimo vya ghali, ugonjwa hauwezi kuonekana mwingi.

Tatizo kubwa ni kutambuliwa. Mgonjwa hufika na homa isiyokwisha, uchovu, vidole vinavyokakamaa asubuhi, nywele zinazokatika na vidonda vya mdomoni ambavyo mara nyingi haviumi. Dalili moja moja hazisemi kitu, na ni rahisi kutibiwa malaria, kisha taifodi, kisha malaria tena. Upele wa mashavuni unaovuka pua, ambao vitabu huuonyesha mwekundu kwenye ngozi nyeupe, kwenye ngozi nyeusi huweza kuwa wa zambarau au mweusi zaidi, ukadhaniwa ni mkorogo uliomchoma mtu uso. Hata baadhi ya vipimo vya kaswende vinaweza kuonyesha ugonjwa huo kwa mwenye lupasi asiyewahi kuupata, jambo linalotosha kuzua ugomvi nyumbani bure.

Kipimo cha kwanza cha damu hutafuta kingamwili dhidi ya kiini cha seli. Karibu wagonjwa wote wanazo, lakini hata wazima wengine wanazo, kwa hiyo majibu hayo peke yake hayamfanyi mtu kuwa mgonjwa. Daktari huyapima pamoja na dalili, mkojo na hesabu ya chembe za damu.

Lupasi haiponi kabisa, ila hutulizwa. Nguzo ya tiba imetoka kwenye dawa za malaria: mwaka 1951 Francis Page alichapisha katika jarida la Lancet jinsi mepakrini ilivyowasaidia wagonjwa wake. Leo hutumika haidroksiklorokwini, ndugu wa ile klorokwini ambayo watu wazima wa Afrika Mashariki wanaikumbuka kwa uchungu na miwasho. Karibu kila mgonjwa huhitaji kuimeza kwa miaka, kwa kipimo kisichozidi miligramu 5 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, huku macho yakichunguzwa. Mwaka 2020 iliadimika madukani kwa sababu ya uvumi kwamba inatibu Uviko, nayo haikuutibu.

Ugonjwa ukichachamaa hutolewa prednisoloni, ambayo hutuliza haraka lakini hutoza gharama: uso kujaa, sukari kupanda, mifupa kudhoofu, kifua kikuu kupata nafasi. Anayeiacha ghafla kwa kuchukia sura yake anajihatarisha, kwani tezi za juu ya figo huwa zimezoea kutofanya kazi. Hupunguzwa kidogo kidogo. Dawa za azathioprini na maikofenoleti husaidia kuipunguza. Maikofenoleti hudhuru mimba, na mwanamke anayetaka mtoto hushauriwa ugonjwa uwe umetulia angalau miezi 6 kwanza.

Dawa za mitishamba zinazonadiwa kuwa "zinaongeza kinga" hazimfai mgonjwa huyu, maana anachohitaji ni kinga yake kupunguzwa makali. Kinachomfaa ni kofia, mikono mirefu na mafuta ya kuzuia jua.

Mwenye lupasi apime mkojo na shinikizo la damu kila baada ya miezi michache hata akijisikia mzima. Figo haziumi zinapoanza kuharibika, na protini huonekana kwenye mkojo kabla miguu haijavimba.