Ngoma ya Mwali katika Milima ya Uluguru

Waluguru huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Ukoo mkubwa huitwa lukolo, na tawi lake huitwa tombo, yaani ziwa la mama. Neno hilo limo pia katika jina la Matombo, ambako Mapadre wa Roho Mtakatifu waliweka misheni mwaka 1897. Basi si ajabu kwamba ngoma kubwa ya milimani ilikuwa ya kumtoa mwali.

Binti alipovunja ungo aliwekwa ndani, akafundwa na wanawake wazima, zamani hata miezi mingi. Siku ya kutoka watu walishuka toka kila mlima, ngoma zikalia uwanjani, mwali akachukuliwa mabegani, jamaa wakamtunza. Tuliwahi kusimama kando ya uwanja wa namna hiyo, hukumu yetu tukiwa nayo tayari; tukamwona bibi yake akiimba huku analia, kwa kuwa tombo lake limepata wa kuliendeleza. Tulikuwa tumekwisha kumfuta binti yule katika daftari la shule.

Wamisionari waliokataza ngoma hizi hawakukosa katika yote: pombe ilikuwapo, na mwali aliyefungiwa hakusoma. Lakini huko Masasi Askofu Vincent Lucas aliingiza jando katika Kanisa; na Bujora, Usukumani, Padre David Clement aliunga mkono ngoma za Bagika na Bagalu katika Bulabo, sikukuu ya Mwili wa Kristo.

Siku hizi wazazi wengi humweka mwali siku chache tu, wakati wa likizo.