Askari wa telefoni na maneno yaliyopita udongoni

Tukisimulia vita twapenda kuwataja majemadari na wapiga mizinga. Askari wa telefoni hatumtaji, maana silaha yake ni uzi na koleo. Lakini Kanisa halikuwasahau watu wa kazi hiyo: tarehe 12 Januari 1951 Papa Pio XII aliwapa watu wa simu na radio msimamizi wao mbinguni, Malaika Mkuu Gabrieli, aliyemfikishia Bikira Maria neno la Mungu jinsi alivyotumwa.

Tutazame Ufaransa ya kaskazini mwaka 1916, mwaka ule ule askari wa Force Publique walipouteka mji wa Tabora. Karibu na mto Somme, Waingereza na Wadachi walikaa katika mahandaki, wakiviziana. Toka handaki mpaka kwa mkuu ulitandazwa uzi wa telefoni. Kombora likiukata, askari wa simu alitoka akitambaa, uzi mkononi, akaufuata hata penye ncha iliyokatika, akaunga. Mara nyingi ulikatika tena kabla hajarudi. Basi mahali pengi wakauzika chini futi 6.

Kulikuwa na hatari nyingine isiyoonekana. Umeme ukienda sharti urudi. Ili kupunguza mzigo walitandaza uzi mmoja tu, na umeme ukarudi kwa njia ya udongo. Nao udongo haujui mpaka wa majeshi! Wadachi wakachomeka vyuma ardhini, wakaviunga na mashine ya kukuza sauti, wakasikiliza. Mitambo hiyo waliiita Moritz.

Usiku wa kuamkia tarehe 1 Julai, mtambo mmoja wa La Boisselle ulinasa kipande cha ujumbe wa Jenerali Rawlinson, wa kuwatakia askari wake heri. Ni maneno mema, lakini Wadachi walifahamu kwamba shambulio limekaribia. Hatusemi kwamba ujumbe ule peke yake ndio ulioua. Mizinga ilikuwa imenguruma siku saba, na kila mtu alijua kuna jambo. Siku ile Waingereza walipoteza watu 57,470, waliokufa, waliojeruhiwa na waliopotea. Waliokufa ni 19,240.

Dawa ilikuwa imekwisha kupatikana mwaka 1915. Afisa mmoja wa simu, A. C. Fuller, alibuni chombo cha telegrafu chenye umeme mdogo mno, ambao adui hakuweza kuusikiliza. Lakini vyombo hivyo vilikuwa vichache bado, tena maafisa walipenda kusema kwa mdomo (nani asiyependa kusikia sauti ya mwenzake usiku wa hatari?). Amri zikatolewa, wengi wakazipuuza. Mwishowe askari wa simu waliwekwa mashimoni pamoja na mashine zao, wawasikilize Wadachi na wakubwa wao wenyewe pia, na kuandika kila neno lisilofaa kusemwa.