Dimoni wa seva na pampu ya Modogashe

Leo tuzungumze juu ya dimoni. Usikimbie, si pepo wa kupungwa! Ni programu inayokaa kimya ndani ya kompyuta, haina dirisha wala kitufe, inangoja kuitwa.

Jina lilianza MIT kule Marekani mwaka 1963, kwenye mradi ulioitwa Project MAC. Kikundi cha Fernando Corbató kilimkumbuka yule kiumbe wa kubuni wa mwanafizikia James Clerk Maxwell, anayechambua molekuli bila kuchoka. Mmoja wa madimoni wa mwanzo alikuwa na kazi ya kunakili mafaili kwenye tepu.

Mimi lakini nikisikia dimoni namkumbuka mwendesha pampu niliyemkuta Modogashe, pale barabara ya Garissa inapokutana na ile ya Isiolo kwenda Wajir. Akiwasha jenereta mapema, inakunywa dizeli bure. Akichelewa, ngamia wanafika birika likiwa tupu.

Unix ilikuwa na shida hiyo hiyo. Kila huduma ilikaa kwenye kumbukumbu hata kama siku nzima haikupata mteja. Mwaka 1986, 4.3BSD ikaja na inetd: bawabu mmoja anasikiliza milango yote, mtu akibisha anaamsha programu inayohusika. Kumbukumbu ikaokolewa, ila kuamsha kila mara kunachelewesha. Apache, iliyoanza mwaka 1995, ikashika njia ya kati. Mchakato mzazi unaweka watoto wachache wakingoja, kwa kawaida 5 hadi 10. Wakipungua unazaa, wakizidi unawaua (ndivyo Unix inavyosema, nisameheni), wala haupiti kikomo kilichoitwa MaxClients.

Kikomo hicho nakijua. Mwaka 2011, ule wa ukame mkali, nilikuwa na seva ndogo ya kukodi iliyojibu SMS za bei ya mbuzi. MaxClients niliweka 20. Asubuhi moja ya soko maswali yakaja kwa mpigo, foleni ikajaa, nami kwa ujuaji wangu nikapandisha hadi 100. Kumbukumbu ikaisha, mashine ikaanza kuhamishia kila kitu kwenye diski, na badala ya kujibu 20 haikumjibu hata mmoja. Mzee mmoja wa Modogashe alikuwa ameshapakia mbuzi kwenye lori akitegemea bei ya wiki iliyopita. Jioni alinipigia. Hakugomba. Aliuliza tu, "Kijana, kile kitu chako kililala?"

Dimoni wa Apache hugawa nafasi iliyopo, kumbukumbu mpya hana pa kuitoa. Dawa ilikuwapo tayari: Agosti 2006 Amazon ilianza kukodisha mashine kwa saa kupitia EC2, iliyojengwa Cape Town na kikundi cha Chris Pinkham (ndiyo, Afrika hii hii!). Mei 2009 ikaongezwa Auto Scaling, inayowasha mashine nzima mzigo ukipanda na kuizima ukishuka. Lakini mashine mpya ilichukua dakika kadhaa kuamka, na bili ya dola ilinitisha.

Safari iliyofuata nilimuuliza yule mwendesha pampu anajuaje wakati wa kuwasha. Akasema anatazama vumbi. Nilipofika nyumbani nikaandika mstari mmoja kwenye cron: siku ya soko, saa kumi alfajiri, washa seva ya pili.