Tusiufute Ushahidi kwa Mikono Yetu

Mtu akiuawa huku Kinakomba, sote hukimbilia hapo: huyu aokota panga, yule afukia damu. Twadhani twasaidia, kumbe twamfichia muuaji. Agosti 2012 waliuawa watu wasiopungua 48 kule Riketa, Tana Delta. Haki ya wafu kama hao hutegemea vielelezo.

Nasihi yangu: tusiguse kitu, tuite polisi. Nguo yenye damu hukaushwa kivulini, ikatiwa mfuko wa karatasi, kwani kwenye plastiki huoza. Mfuko hufungwa, ukaandikwa tarehe na mahali. Kila aupokeaye, hadi maabara ya Mkemia wa Serikali, hutia sahihi. Sahihi ikikosekana, wakili atauliza: ulipitia wapi?

Maziko tuyaharakishe, ila daktari atangulie. Kumfukua maiti ni msiba wa pili.