Kotonii

Kotonii (*Kappaphycus alvarezii*) ni mwani mwekundu unaolimwa baharini Unguja na Pemba kwa ajili ya karajinani, utomvu wa kugandishia vyakula. Vipande vya kupandia vilitoka Ufilipino. Kilimo cha kibiashara Unguja kilianza 1989 katika vijiji vya Paje na Jambiani. Maji yakifikia nyuzi 33 hadi 35 za Selsiasi, usanisinuru wa kotonii huzorota, matawi hupauka, hulainika na kukatika. Kwa kuwa hupandwa kwa vipande vya mmea uleule, jeni hubaki zilezile na aina yenye kustahimili joto haijitokezi kwa urahisi. Kwa hiyo wakulima, wengi wao wanawake, hubakia na spinosamu, mwani mvumilivu zaidi ila wa bei ya chini, hasara kubwa kwao. Maji ya kina hayapati joto upesi kama ya ufukweni, hivyo huifaa kotonii zaidi.