Dhima ya mafundi wa mabwawa ya kuogelea

Dhima ya mafundi wa mabwawa ya kuogelea ni wajibu wa kisheria wa mtu anayesafisha, kutia dawa au kutengeneza bwawa la kuogelea, pale kazi yake inaposababisha madhara kwa mwogeleaji, kwa mfanyakazi mwenzake au kwa mali.

Katika miji ya mikoani kama Mpanda, makao makuu ya Mkoa wa Katavi ulioanzishwa mwaka 2012, bwawa kwa kawaida huwa la hoteli au la kambi ya watalii. Mara nyingi mtu mmoja hutia dawa, husafisha chujio na kuangalia pampu. Kosa lake moja laweza kugharimu maisha.

Hatari za kazi

* Kemikali: klorini ya unga ikichanganyika na asidi hutoa gesi yenye sumu inayounguza macho na mapafu. Dawa hutiwa kwenye maji, wala si maji kwenye dawa.
* Umeme: pampu au taa yenye waya uliochubuka yaweza kumuua aliye majini.
* Mdomo wa kufyonza maji: kifuniko kikivunjika, mwogeleaji, hasa mtoto, aweza kunaswa chini ya maji. Nchini Marekani kifo cha namna hiyo cha mtoto wa miaka 7 mwaka 2002 kilisababisha kutungwa kwa sheria ya vifuniko salama mwaka 2007.
* Maji yenye ukungu: sakafu isipoonekana, anayezama haonekani pia.

Sheria nchini Tanzania

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na wakala wa OSHA, humtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga na mafunzo. Mfanyakazi naye hutakiwa kuvitumia.

Katika madai ya uzembe, mdai huthibitisha mambo matatu: kwamba fundi alikuwa na wajibu wa uangalifu, kwamba aliukiuka, na kwamba madhara yalitokana na ukiukaji huo. Madai hayo hufunguliwa ndani ya miaka 3. Fundi akiwa mwajiriwa aliyekuwa akitekeleza kazi yake, mwajiri pia hubeba dhima. Mtu akifa kwa uzembe mkubwa, mhusika aweza kushtakiwa kwa kuua bila kukusudia chini ya Kanuni ya Adhabu. Kibao cha "Ogelea kwa hatari yako" hakifuti kosa la jinai.

Mwajiriwa anayeumia kazini hulipwa fidia na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), unaochangiwa na mwajiri bila kukata mshahara. Fundi anayejitegemea, anayelipwa kwa kila kazi, kwa kawaida si mwajiriwa wa hoteli. Akiumia hubaki na gharama zake, na akishtakiwa hujibu mwenyewe.

Kujikinga

Fundi hushauriwa kuwa na mkataba wa maandishi unaotaja kazi zake, na kuandika daftarini tarehe, kipimo cha klorini na cha pH (kwa kawaida 7.2 hadi 7.8) pamoja na kasoro alizoziona. Akikuta hatari hufunga bwawa, kisha humjulisha mwenye bwawa kwa maandishi. Daftari hilo laweza kuwa ushahidi wake mkuu mahakamani.

Tazama pia

* Klorini
* Mkoa wa Katavi
* Uzembe (sheria)